Kupanda na Kushuka kwa Kifua Kikuu katika Bonde la Kilombero

Utangulizi

Katika vikao vyetu vya kata na wilaya taarifa ya afya husomwa kama taarifa ya mpunga au ya kodi: mwaka jana kadhaa, mwaka huu kadhaa, tofauti kadhaa. Idadi ya wagonjwa wa kifua kikuu ikipungua, wajumbe hupiga makofi. Ikipanda, mganga mkuu wa wilaya huulizwa alikuwa wapi. Desturi hiyo huonekana kuwa ya haki, maana hakuna anayependa ugonjwa uongezeke. Lakini inatokana na kutoielewa historia ya ugonjwa wenyewe na historia ya hesabu zake. Matokeo yake ni kwamba mtumishi anayetembea vijijini kuwatafuta wagonjwa huonekana ameshindwa, na yule anayekaa ofisini akisubiri waje huonekana hodari.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi kifua kikuu kilivyoenea na kupungua katika Bonde la Kilombero, tangu zama za ukoloni hadi siku zetu. Hoja yetu ni moja. Idadi inayoandikwa katika rejista huzaliwa na mambo mawili kwa pamoja: kiasi cha ugonjwa uliomo katika jamii, na uwezo wa jamii hiyo wa kuutafuta. Kada asiyetenganisha mambo hayo mawili atausifu uzembe na kuilaumu kazi. Na katika ugonjwa huu kosa la namna hiyo halibaki katika karatasi, kwa sababu mgonjwa ambaye hakutafutwa huendelea kukohoa kati ya watoto wake.

1. Ugonjwa na mazingira yake

Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Huenezwa kwa hewa, mgonjwa wa mapafu anapokohoa, na huwapata kwanza wale wanaolala naye chumba kimoja. Lakini kuambukizwa si kuugua. Kati ya watu 10 waliovuta kijidudu hicho, takriban mmoja tu ndiye atakayeugua katika maisha yake, iwapo kinga ya mwili wake ni nzima. Wengine tisa hukaa nacho bila kuugua. Kwa hiyo kijidudu ni sababu ya lazima, lakini peke yake hakitoshi. Yapo mambo yanayomfungulia mlango: njaa, kazi inayomaliza nguvu, vumbi la migodi, chumba kimoja wanamolala watu saba, na tangu miaka ya 1980, VVU.

Historia ya Uingereza inathibitisha jambo hili. Huko vifo vya kifua kikuu vilianza kupungua katika karne ya 19, na vilikuwa vimeshuka sana hata kabla streptomaisini, dawa ya kwanza yenye nguvu, haijagunduliwa mwaka 1943. Wanazuoni wamebishana juu ya uzito wa kila sababu: chakula bora, nyumba, mishahara, au kutengwa kwa wagonjwa. Lakini kwa miongo hiyo yote dawa haikuwapo, hivyo haiwezi kupewa sifa ya kuanzisha mteremko huo.

Wakati hali ya mfanyakazi wa Ulaya ilipoanza kupata nafuu, mfanyakazi wa Afrika ndiyo kwanza alikuwa anaingizwa katika mazingira yaleyale ambayo mwenzake wa Ulaya alikuwa anayaacha. Mfano mkubwa ni migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Vijana walichukuliwa vijijini wakiwa na afya, wakawekwa katika mabweni yaliyojaa, wakavuta vumbi la mawe, na walipoanza kutema damu walirudishwa makwao wafie huko. Kampuni ilibaki na dhahabu, kijiji kikapokea ugonjwa. Tanganyika nayo ilitoa vijana wake, hasa kutoka nyanda za juu za kusini magharibi, mpaka Serikali ya Uhuru ilipolikomesha shirika la kuandikisha watu wa migodi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

2. Bonde chini ya ukoloni

Bonde la Kilombero ni nchi ya maji na mpunga. Wandamba waliishi kwa uvuvi na kilimo kandokando ya mto. Wambunga, Wapogoro, Wabena na Wahehe walilima na kukaa pembezoni na milimani. Makazi yalikuwa ya kutawanyika. Familia ilijenga karibu na shamba lake, na nyumba hadi nyumba palikuwa na mwendo. Kwa ugonjwa unaotegemea hewa ya chumba kimoja, makazi kama hayo hayana rutuba nzuri.

Utawala wa Kijerumani ulivunja mpangilio huo kwa nguvu. Katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, watu wa bonde hili na wa Mahenge walisimama dhidi ya dhuluma. Majeshi ya wakoloni yalijibu kwa kuchoma nyumba, mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Kabla eneo hili halijapona, Vita Kuu ya Kwanza ilifika. Mahenge ilikuwa moja ya ngome za Wajerumani hadi Wabelgiji walipoingia Oktoba 1917. Pande zote mbili zilinyang'anya chakula na kukamata wapagazi. Baada ya vita ikaja homa kuu ya mafua ya mwaka 1918. Kwa muda wa miaka 15 tu wananchi hawa walipigwa na njaa mbili, vita viwili na tauni moja. Mwili uliodhoofishwa namna hiyo ndio kijidudu cha kifua kikuu kinautafuta.

Waingereza walipochukua nchi, kodi ya kichwa iliendeleza kazi ambayo bunduki ilikuwa imeianza. Ili kuipata fedha ya kodi, kijana alilazimika kuuza jasho lake. Wengi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wakalala makambini, safu kwa safu, katika vibanda vilivyojengwa kwa hesabu ya gharama ndogo kabisa. Kambi hizo, pamoja na miji ya pwani, magereza na makambi ya askari, zilikuwa mahali ambapo mtu wa kijiji kilichotawanyika alikutana kwa mara ya kwanza na hewa ya watu wengi. Mkataba ulipokwisha alirudi nyumbani na shuka, sufuria, na mara nyingine kikohozi.

3. Nani alihesabiwa?

Msomaji anaweza kutuuliza: ugonjwa ulikuwa mkubwa kiasi gani wakati huo? Hapa ndipo hesabu za kikoloni zinapopaswa kusomwa kwa macho mawili. Koch mwenyewe, mgunduzi wa kijidudu hiki, alifika Dar es Salaam mwaka 1897. Lakini hakuletwa kwa ajili ya vifua vya Waafrika. Alifanya utafiti wa malaria na magonjwa ya mifugo, yaani mambo yaliyogusa moja kwa moja uhai wa walowezi na faida ya koloni. Swali la mtafiti liliamuliwa na mwenye kulipa.

Taarifa za madaktari wa kikoloni zilielekea kuonyesha kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa pwani na mijini. Kwa kiasi fulani ilikuwa kweli, kwa sababu tulizozitaja. Lakini pwani na mijini ndiko madaktari walikokaa. Hakuna daktari aliyeandika kikohozi cha mzee wa Mngeta, kwa kuwa hakuna daktari aliyefika Mngeta. Mwaka 1926 ilianzishwa sanatoria ya Kibong'oto, Kilimanjaro, na katika miaka ya 1930 Dakta Charles Wilcocks alifanya uchunguzi wa kifua kikuu Tanganyika kwa niaba ya Serikali ya kikoloni. Uchunguzi ulipofanyika, maambukizo yalionekana hata vijijini. Ulipokosekana, palionekana pasafi.

Katika Bonde la Kilombero huduma za tiba zilijengwa kwanza na wamisionari wa Kikatoliki. Dakta Karl Schöpf alifika Ifakara katika miaka ya 1940, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikakua hadi kuwa tegemeo la bonde zima. Mwaka 1957 Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, chini ya Profesa Rudolf Geigy, ilifungua maabara yake Ifakara. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kikaanza hapohapo kituo cha kufundishia wasaidizi wa tiba vijijini. Vyombo hivi vilikuwa na ukomo wake, kwani mgonjwa aliyevukishwa mto kwa mtumbwi kutoka Lupiro hakuwa sawa na yule aliyeishi kando ya hospitali. Hata hivyo viliweka msingi: kwa mara ya kwanza makohozi ya mtu wa Ifakara yaliweza kuwekwa chini ya hadubini bila kusafirishwa. Na kwa mara ya kwanza, bila shaka, idadi ya wagonjwa ikapanda, kwa sababu walianza kuonekana.

4. Uhuru, dawa na mpango wa mwaka 1977

Ni lazima tuone kwamba dawa zilikuja karibu sambamba na Uhuru. Streptomaisini ilifuatiwa na isoniazidi mwaka 1952. Lakini streptomaisini ni sindano ya kila siku, na matibabu yalichukua mwaka mzima, mara nyingine mwaka na nusu. Mkulima gani angeweza kukaa hospitalini mwaka na nusu? Wagonjwa walianza dawa, wakapata nafuu, wakarudi kupanda mpunga, na ugonjwa ukarudi. Dawa iliyotumika nusu iliwaacha hai wakiwa bado wanaambukiza.

Jibu la tatizo hili lilitafutwa hapahapa kwetu. Mwaka 1970 ulianza utafiti mkubwa wa Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wagonjwa wa nchi zetu ndio walioonyesha kwamba miezi 6 ya dawa, zikiwamo rifampisini au pirazinamidi, inaweza kutosha mahali ambapo palihitajika miezi 18. Kila mgonjwa duniani anayepona kwa miezi 6 ana deni kwa wagonjwa hao.

Lakini dawa bila mpangilio wa jamii ni chupa kabatini. Mkutano Mkuu wa TANU wa mwaka 1971 uliamua kwamba afya, maji na elimu vijijini vipewe kipaumbele. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kujisomea na kusikiliza redio. Vituo vya afya vijijini, vilivyokuwa 22 tu wakati wa Uhuru, vilizidi 200 ilipofika mwaka 1980, na zahanati ziliongezeka vivyo hivyo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikafanywa hospitali teule ya wilaya.

Juu ya msingi huo, mwaka 1977, ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushirikiano na Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu na mtaalamu wake, Dakta Karel Styblo. Ubora wa mpango huo haukuwa katika mitambo. Wilaya ilifanywa kuwa kitovu. Kila wilaya ilikuwa na mratibu wake, hadubini, dawa zisizokatika, na rejista ambamo kila mgonjwa aliandikwa jina na kufuatiliwa hadi mwisho: amepona, amekufa, amehama, au ametoroka. Kila robo mwaka hesabu ilifungwa. Hakuna mgonjwa aliyeweza kupotea bila kuacha pengo katika kitabu.

Kutokana na mpango huo, matibabu ya muda mfupi yaliweza kutolewa katika nchi maskini na yakaponya. Benki ya Dunia, ambayo kwa kawaida haikuona mengi ya kusifu katika siasa yetu, iliutaja mfano wa Tanzania katika taarifa yake ya mwaka 1993. Uchina ilitumia misingi hiyohiyo tangu mwaka 1991, na katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa mkakati wa dunia nzima. Kijiji kilichodharauliwa kilikuwa kimetoa somo.

Hata hivyo uchambuzi wa haki hauishii kwenye sifa. Kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970 kulileta mambo mawili yanayopingana. Kwa upande mmoja, zahanati iliwezekana kwa sababu watu walikuwa pamoja. Kwa upande wa pili, nyumba zilikaribiana, na mashamba ya mpunga yakabaki mbali, kule bondeni yalikokuwa tangu zamani. Jambo hili la pili tutalirudia, maana halijaisha hadi leo.

5. Miaka ya UKIMWI: idadi iliyoongezeka mara tano

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera. Mwaka huohuo wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa nchi nzima walikuwa takriban 12,000. Miaka 20 baadaye walikuwa zaidi ya 60,000 kwa mwaka. Bonde la Kilombero, lenye reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, kiwanda cha sukari na mji wa njia panda, halikusalimika. VVU huua askari wanaomlinda mtu dhidi ya kijidudu kilicholala. Yule ambaye angekaa nacho maisha yake yote bila kuugua, sasa aliugua. Wengi wao walikuwa vijana, wazazi, nguvukazi ya familia.

Kipindi hicho kilikuwa kigumu kwa kila upande. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na ukame vilikuwa vimeidhoofisha hazina. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti ya kubana matumizi, na mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za umma. Katika mazingira hayo uamuzi mmoja uliokoa maisha ya watu wengi: dawa za kifua kikuu ziliendelea kutolewa bure.

Sasa tuulize swali la kada. Idadi imepanda mara tano. Je, mpango ulishindwa? Anayesoma rejista peke yake atajibu ndiyo. Lakini mpango ulikuwa na kipimo cha pili. Tangu mwaka 1983, kwa vipindi, watoto wa shule za msingi walipimwa kwa sindano ya ngozi ili kuona ni wangapi wamekwisha kuambukizwa. Mtoto ni shahidi mzuri, kwa sababu maambukizo yake ni ya karibuni. Yanaonyesha ni wagonjwa wangapi wanakohoa huku na huko bila dawa. Kipimo hicho hakikupanda. Katika miongo miwili ambayo rejista ziliongezeka mara tano, hatari ya mtoto kuambukizwa kwa mwaka ilishuka polepole, kutoka takriban asilimia 1 hadi chini ya hapo.

Maana yake ni nini? Ni kwamba wagonjwa waliongezeka kwa sababu ya VVU, lakini walikuwa wakipatikana na kutibiwa kabla ya kuwaambukiza wengi. Bila mpango, mkondo wa UKIMWI ungeingia ndani ya mkondo wa kifua kikuu, na watoto wangekuwa ndio wa kwanza kuonyesha alama. Rejista iliyojaa ilikuwa ushahidi wa msiba, na wakati huohuo ushahidi wa kazi. Kuyaona mambo hayo mawili katika takwimu moja ndiko kusoma takwimu.

Mwishoni mwa mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza VVU. Ifakara, kliniki ya magonjwa sugu ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ikishirikiana na watafiti wa taasisi ambayo sasa huitwa Taasisi ya Afya Ifakara, imewafuatilia maelfu ya wananchi wa Kilombero na Ulanga wanaoishi na VVU tangu mwaka 2005. Baadaye huduma za magonjwa haya mawili ziliunganishwa chini ya paa moja, ili mgonjwa mmoja asipange foleni mbili.

6. Wagonjwa waliokosekana

Baada ya mwaka 2004 ongezeko la rejista lilisimama. Wengi waliamini kwamba ushindi umekaribia. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa kwanza wa kitaifa ambamo wananchi walifuatwa walipo, wakapigwa picha za kifua na kupimwa makohozi. Ilionekana kwamba wagonjwa katika jamii walikuwa wengi kuliko makadirio ya awali, na wengi wa waliogunduliwa hawakuwa katika matibabu yoyote. Kwa hiyo rejista zilizotulia zilikuwa zimeficha nyumba zisizotulia.

Mkoa wetu wa Morogoro una ushahidi mwingine wa ajabu. Shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafundisha panya buku kunusa makohozi. Sampuli ambazo hadubini ilisema hazina ugonjwa hupelekwa kwao, na kwa njia hiyo maelfu ya wagonjwa waliopitwa wamegunduliwa na kuthibitishwa maabara. Ugonjwa wa watu hao haukuongezeka siku walipoandikwa. Ulikuwapo siku zote.

Wako wapi basi, katika Bonde la Kilombero, wale wasioandikwa? Historia tuliyoieleza inatuonyesha pa kutazama.

Kwanza, wako mashambani. Mvua zikianza, familia nyingi huhama kijijini na kwenda kuishi vibandani karibu na mpunga, kwa miezi kadhaa, ili kulima, kupalilia, na kulinda ndege na nguruwe pori. Zahanati hubaki kijijini, wagonjwa wako bondeni. Matibabu ya miezi 6 na msimu wa mpunga hugongana. Mkulima akiambiwa achague kati ya kidonge na mavuno, ataangalia watoto wake kwanza, na hatutakuwa na haki ya kumwita mkaidi.

Pili, wako katika nyumba za kupanga za Ifakara, mathalani katika kata kama Viwanja Sitini. Mji ulipimwa kwa viwanja, na kila kiwanja kilikusudiwa nyumba moja. Lakini penye soko, stesheni na hospitali, chumba hugeuka kuwa mali ya kukodisha, na nyumba moja huweza kubeba kaya kadhaa. Kibarua aliyeshuka garini jana hana balozi anayemjua, wala jirani wa kumwambia kwamba kikohozi cha zaidi ya wiki mbili ni cha kupimwa.

Tatu, wako katika mazao ya mkataba. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikawa mali ya umma, na mwaka 1998 kikauzwa kwa sehemu kubwa kwa kampuni ya Afrika Kusini. Umiliki umebadilika, lakini ukataji wa miwa bado unahitaji vijana wa kuja na kuondoka. Pamoja nao wako wafugaji wanaofuata malisho. Hawa wote huishi kati ya rejista mbili: wilaya walikotoka imewasahau, na wilaya walikofika haijawaandika.

Nne, walikuwa ng'ambo ya mto. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Ulanga alitegemea kivuko, na kivuko kilizama mwaka 2016. Daraja lililozinduliwa mwaka 2018 limemfupishia safari. Tunalitaja hapa kwa sababu daraja ni chombo cha kupambana na kifua kikuu kama ilivyo hadubini, ingawa haliandikwi katika bajeti ya afya.

Hatua zimepigwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wagonjwa wapya nchini walishuka kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 195 mwaka 2022. Mteremko huo umekwenda pamoja na juhudi za kuwatafuta wagonjwa, za mashine mpya kama GeneXpert zinazotoa jibu kwa saa chache, na za mgonjwa kuruhusiwa kumeza dawa nyumbani chini ya uangalizi wa ndugu aliyemchagua mwenyewe. Yaani makadirio ya ugonjwa yalishuka wakati utafutaji ukiongezeka. Huo ndio mteremko wa kweli.

7. Wajibu wa makada

Tuchukue mfano wa kubuni. Kata ya kwanza imepima watu 40 wenye kikohozi, wakapatikana wagonjwa 4. Kata ya pili imepima watu 400, wakapatikana wagonjwa 20. Katika vikao vyetu kata ya kwanza itapongezwa kwa kuwa na wagonjwa wachache. Lakini katika kata ya kwanza mmoja kati ya 10 waliopimwa alikuwa mgonjwa. Maana yake ni kwamba waliofika walikuwa wale waliokwisha kuzidiwa, na wenzao bado wako nyumbani. Kata ya pili imefika hadi kwa wale wanaoanza. Mgonjwa wa mapafu asiyetibiwa huweza kuambukiza watu 10 au zaidi kwa mwaka, na takriban nusu ya wasiotibiwa hufa katika miaka mitano. Kata iliyopigiwa makofi ndiyo inayojitayarishia makaburi.

Kwa hiyo tunapendekeza makada wafanye yafuatayo.

(a) Taarifa ya kifua kikuu isipokewe ikiwa na idadi moja. Iulizwe: wamepimwa wangapi, wamepatikana wangapi, wamemaliza dawa wangapi, na walioacha wako wapi.

(b) Balozi na mwenyekiti wa mtaa washiriki kutafuta wenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi, bila kumtangaza mtu hadharani. Mgonjwa anayeaibishwa hujificha, na wako wengi wanaopeleka kikohozi kwa mganga wa jadi kwanza kwa kudhani wamerogwa. Waganga hao nao wafikishiwe elimu, wawe njia ya kwenda zahanati.

(c) Ratiba ya huduma ifuate kalenda ya mpunga. Kabla familia hazijahamia bondeni, mgonjwa apewe utaratibu wa dawa za kwenda nazo, pamoja na msimamizi anayelala kibanda kimoja naye.

(d) Mwajiri wa msimu, awe mkubwa au mdogo, atakiwe kuwa na mabweni yenye hewa, na kumpa mfanyakazi anayeugua barua ya kuhamia rejista ya kwao, asifukuzwe kimyakimya kama manamba wa zamani.

(e) Mikopo ya nyumba, ramani za mji, chakula shuleni na bei ya mpunga vihesabiwe kuwa mambo ya afya. Dawa humponya aliyekwisha kuugua. Chumba chenye dirisha na chungu chenye chakula humzuia mwingine asiugue.

Bonde hili limepata kuhesabiwa na watu wengi: mkoloni alihesabu vichwa kwa ajili ya kodi, mwajiri alihesabu mikono kwa ajili ya mkonge. Mpango wa mwaka 1977 ulileta hesabu ya namna nyingine, ambamo mtu aliandikwa jina ili afuatwe mpaka apone. Kada anayeingia kikaoni wiki ijayo na kukuta idadi imepanda, aanze kwa kuuliza ni watu wangapi walitembelewa mwaka huu ambao mwaka jana hawakutembelewa. Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama anastahili kulaumu au kushukuru.